Pampu Niliyoivisha Blanketi

Kila moto niliowahi kuuota, serikali imenifukuza hapo. Nilipoolewa tulipikia kuni, wakaja askari wa msitu wakasema kuni ni wizi. Nikahamia makaa, nayo yakapigwa marufuku, yakawa yanasafiri yamefichwa chini ya viazi. Nikanunua stovu ya mafuta ya taa. Bei ikapanda mpaka nikawa nayawasha kwa kuyaomba radhi. Mwishowe nikapata mtungi wa gesi, nikatembea mtaani kama mke wa waziri. Kisha binti yangu, ambaye ni muuguzi hapa Birmingham, akaniita nije nikae naye Erdington, na huku nikaikuta gesi inakuja yenyewe kwa bomba mpaka ndani ya ukuta. Nikasema, sasa nimefika. Sijakaa sana, televisheni ikatangaza kwamba gesi inaharibu dunia, tuiache.

Safari hii sikubisha, kwa sababu aliyekuja kuing'oa boila ya gesi, ile iliyokuwa inapasha nyumba joto, alikuwa mjukuu wangu.

Ana miaka kumi na tisa, msichana, mikono kama ya mnyoa kondoo. Wenzake walienda kusomea kazi za kukaa kwenye kiti, yeye akaenda kusomea ufundi wa kupasha nyumba joto. Mama yake alinuna mwezi mzima. Mimi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nyumba yetu ikawa kazi yake ya kwanza kuifanya kwa mikono yake, fundi anayemfundisha akimtazama tu. Serikali ilitoa ruzuku, sisi tukatoa chapati. Baada ya wiki tatu mkaguzi angekuja. Akitia sahihi, mtoto anapata cheti. Asipotia, anarudia mwaka.

Ile pampu ya joto aliyoiweka badala ya boila ni sanduku kubwa kama kabati la vyombo, lina feni mbele, likawekwa uani nyuma ya nyumba. Mjukuu wangu alinieleza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu. Nilichoshika ni kwamba sanduku linachota joto kutoka hewa ya nje. Nikaitazama hewa ya Novemba ya Erdington, nikaona huo ni uongo wa adabu. Lakini mtoto alikuwa anaeleza kwa raha, macho yanang'aa. Ningemkatiza vipi? Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesoma.

Alipoenda zake kwake Kings Heath, mimi nilibaki na wasiwasi mmoja tu: wezi. Kwetu kitu cha chuma kikilala nje, asubuhi unasalimia alama yake chini. Jirani yangu aliibiwa pampu ya kisima, wakaibeba na saruji yake. Na hii hapa, kazi ya mtoto wangu, imewekwa nje uchi, hata kifuniko haina. Nikatoa lile blanketi zito nililokuja nalo, nikaivisha vizuri mbele na nyuma. Juu nikatandaza turubai la mvua, nikazungusha kamba, nikamaliza na mnyororo na kufuli. Ufunguo nikautia kifuani. Binti yangu hakuona, kwa sababu kuanzia Oktoba mlango wa nyuma kwake ni kama haupo.

Nyumba ikaanza kupoa. Siku ya nne tulikuwa tunakunywa uji tumevaa makoti.

"Mama," binti yangu alisema, "mjukuu wako ametufungia feni."

"Mashine bado ngeni. Inazoea nyumba."

"Inazoea nini? Si ng'ombe."

"Wewe mwenyewe ulitembea ukiwa na miezi kumi na saba, na sikukurudisha dukani."

Alicheka, lakini alikuwa ameshashika simu kumpigia mwanawe. Nikamkataza. Nilijua mtoto akisikia nyumba ni baridi hatalala, na mkaguzi alikuwa bado hajaja. Jumapili akina mama kanisani waliniuliza mashine ya mjukuu inaendeleaje. Niliwaambia nyumbani kwetu ni joto kama tanuri, nikiwa nimevaa sweta tatu. Mmoja aliniuliza mbona sijavua hata moja. Nikamwambia nimekuwa mtu wa mitindo.

Siku ya ukaguzi binti yangu alikuwa kazini. Mimi nililifua blanketi, nikalikausha, nikalirudisha, maana nilitaka mgeni aone tunavyoitunza kazi ya mtoto. Mjukuu wangu akaingia na mkaguzi, Kalasinga mzee, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe, hana hata chembe ya tabasamu. Alishika radieta ya sebuleni, lile bomba bapa la ukutani linalotoa joto, kwa kiganja, akaiachia.

Nikamnong'oneza mjukuu wangu, "Huyu mzee mbona ana uso wa mtu aliyenyimwa chai?"

"Sijanyimwa, mama," mzee akajibu kwa Kiswahili cha Nakuru kilichonyooka. "Sijaulizwa bado."

Nilikwenda kuchemsha maji nikitamani kuingia ndani ya birika. Niliporudi na vikombe, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na wote wawili wamesimama mbele ya kifurushi changu. Nikangoja sifa. Mjukuu wangu alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

Mzee aliuliza kwa Kiingereza nani amefanya hivi. Kiingereza cha namna hiyo nakisikia. Na mtoto akajibu, bila kunitazama, kwamba ni yeye.

Nimesema uongo mwingi maishani kwa ajili ya watoto, lakini sijawahi kuona mtoto akiusema kwa ajili yangu. Ulinichoma kuliko baridi yote ya wiki tatu.

"Anakudanganya," nikamwambia mzee kwa Kiswahili. "Blanketi ni langu. Kamba ni yangu. Ufunguo huu hapa." Nikautoa kifuani mbele yake, aibu na iende.

Tuliifungua. Mzee alizunguka pampu, akapima mabomba, akaandika, akaingia ndani, akasubiri mpaka radieta zikaanza kupata uhai. Kisha akakaa na chai yake.

"Mashine imefungwa vizuri, sina neno," alisema. "Lakini fundi hamalizi kazi mpaka mwenye nyumba aelewe. Ulimweleza?"

Mtoto akasema alinieleza.

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza," mtoto akasema.

"Basi mweleze sasa. Mimi nasikiliza."

Mjukuu wangu akanitazama kama nimeshika kisu.

"Shosho," akaanza. "Hii mashine... inakula hewa. Hewa inaingia kwa nyuma, inatoka kwa mbele. Wewe ukiweka blanketi, yeye anakosa pumzi. Halafu nyumba iko baridi. Na usizime. Wacha iende polepole, siku yote."

"Na wezi?"

"Iko na boliti, shosho. Mimi nilifunga. Haitoki."

Nilikuwa nimeelewa kila kitu, mpaka na boliti. Mzee naye alijua kwamba nimeelewa. Nilimwona akitia sahihi karatasi ya ukaguzi, kisha akaigeuza juu ya goti lake na kuifunika kwa kiganja, mtoto asiione, akaendelea kunywa.

"Hapo kwenye pumzi sijashika vizuri," nikasema. "Rudia."

Akarudia, na mara hii sentensi zilitoka nzima nzima. Nikamuuliza na radieta je, zenyewe zinakula nini.