Mchanga wa Mama Auma

Nakumbuka asubuhi moja, enzi za mkoloni, nilipoamka nikakuta mguu wangu wa kushoto umenikataa. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja hadi kisiginoni kama waya uliotoka motoni. Nikikohoa, unawaka. Siku hizi mnasema ni mshipa wa nyonga. Sisi hatukuuliza ni nini. Tuliuliza ni nani.

Usicheke, mwanangu. Hata wewe ukiumwa unauliza hivyo hivyo, ila kimoyomoyo.

Nilikuwa mke mpya, nimeshuka milimani kumfuata mume wangu kwenye shamba la mkonge, upande wa Voi. Tulikaa laini, zile nyumba za wafanyakazi, vyumba vimeungana ukuta kwa ukuta. Kazi yangu ilikuwa kuanika. Singa za mkonge, zile nyuzi zake, hutoka mashineni mbichi, nzito kwa maji; unainama, unabeba fungu, unajipinda kiuno, unalitupa juu ya waya. Tena na tena, mpaka jua lichoke. Nilitaka nionekane nina nguvu, basi wenzangu walipobeba fungu moja, mimi nilibeba mawili. Jioni nafukua mchanga wa mto natafuta maji, nayabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hayo yote niliyajua, na sikuyashuku hata kidogo.

Niliyemshuku ni Mama Auma, jirani wa mlango wa pili, mgeni kutoka magharibi. Siku mbili kabla nilikuwa nimekaa mlangoni, nimenyoosha miguu, nachambua maharagwe. Chungu chake kilikuwa kinaungua. Akakimbia, akaniruka miguu. Kwetu miguu ya mtu hairukwi; anayekuruka amekuroga. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na huyu tunagawana ukuta.

Ningenyamaza, ingekuwa dhambi ndogo. Nilimwambia mwanamke mmoja tu, na wewe unajua mmoja ni wangapi. Lisemwalo lipo, wakasema wanawake wa laini. Kufika jioni hakuna aliyempa Mama Auma kaa la moto wala aliyepokea lake. Siku ya tatu wakapanga kwenda kwa mnyapara ahamishwe, yeye na watoto wake wanne.

Siku hiyo hiyo akaja mlangoni kwangu. Ameshika mfuko wa kitambaa, mzito, una joto, umeshonwa kwa uzi wa mkonge.

"Weka hii kiunoni," akasema. "Baba Auma alibeba mataruma ya reli mpaka mguu ukamshika hivyo. Ilimsaidia."

Niliupokea kwa vidole viwili. Alipotoka nikautupa jaani, nikanawa mikono kwa majivu.

Kesho yake mama mkwe wangu akateremka kutoka milimani kwa miguu, kuja kuniona. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Sasa elewa desturi yetu: wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa jamaa yako yaweza kukulaza kitandani. Dawa yake ni kutasa. Mtu anachukua funda la maji, anayapuliza nje, anatamka kwamba kinyongo kimetoka. Basi akakaa, akapuliza maji yake, akasema, "Kama nina hasira na mke wa mwanangu, imetoka." Kisha akanisukumia kibuyu.

"Na wewe."

"Mimi ndiye mgonjwa, mama."

"Nimeona. Na nilipokuwa napita laini nimesikia pia. Tasa."

Mwanangu, maji yalinikwama mdomoni. Kutasa na uongo havikai kinywa kimoja. Nikayameza, nikamweleza yote, mpaka habari ya mfuko. Alitoka, akarudi nao, akakata uzi kwa meno, akamwaga vilivyomo juu ya mkeka.

"Hii nini?"

"Sijui, mama."

Akaonja kwa ncha ya ulimi. "Chumvi ya mawe na mchanga wa mto. Mchanga huu unaufukua kila jioni. Leo ndiyo umekuwa mchawi?"

Nikainamisha macho.

"Simama unionyeshe unavyoanika."

Nikainama, nikajipinda, nikalia. Akanitazama kama anavyotazamwa mbuzi sokoni.

"Mafungu mangapi?"

"Mawili."

"Nani alikutuma mawili?"

Nikaokota ule uzi uliokatwa, nikauzungusha kidoleni.

"Basi mchawi wako nimemwona, ni wewe. Sasa nenda kwa jirani yako ukaombe moto. Mchana huu, watu wakiona."

Ulikuwa mlango wa pili tu, lakini sijapata kwenda safari ndefu kama ile. Wanawake waliacha kupepeta. Nikasimama na kigae changu, nikasema kwa sauti, "Mama Auma, naomba moto. Na nimekukosea." Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu. Kisha akachukua kaa, akaliweka kwenye kigae.

"Shika," akasema. "Au utalinusa kwanza?"

Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Habari ya mnyapara ikafia pale. Jioni ile Mama Auma alishona mfuko mpya, akanifundisha anayoyajua, na mimi nikamfundisha kutoruka miguu ya watu. Mguu ulichukua wiki nyingi kupoa. Usimwamini anayekuambia wa kwake ulipona siku moja.

Mimi bado ni mtu wa kushuku, sijaacha. Ila nimejua cha kushuku. Mwanangu, nyonga ikikushika, shuku kwanza mzigo wako na namna unavyoinama. Kunja magoti, ukigeuka geuza na miguu, beba kidogo mara mbili. Pasha mchanga, ufunge kwenye kitambaa kizito, ujaribu kwanza kwa ngozi ya ndani ya mkono, uweke kiunoni kwa muda wa kunywa chai, wala usiulalie ukasinzia. Lala chali, miundi juu ya sanduku, mgongo upumue. Halafu inuka utembee, hata kama ni mpaka bombani na kurudi. Anayelala siku nzima mguu humkauka. Shuku anayetaka kukuchanja wembe, anayetaka kukukanyaga mgongo, na mwenye chupa moja ya magonjwa yote.

Lakini mguu ukilegea, unyayo ukawa unaburuzika, au ganzi ikakushika katikati ya mapaja, au mkojo ukaanza kukutoka au kukataa kutoka, hapo mchanga uweke chini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usingoje nije. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua, nenda pia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hili nalisema na guu lenyewe.

Jirani yako mshuku mwisho kabisa, na ukimshuku, nenda mlangoni kwake ukamwombe moto.

Haya, nipe maji. Nimepuliza: sina kinyongo nawe. Mgongo wako ukubebe mpaka uwe na wajukuu, miguu yako isikatae njia, na usikose mtu wa kukupa kaa la moto. Mungu akulinde, mwanangu.