Siku Waliyokuja Kunililia Nikiwa Ndani ya Maji

Msicheke kwanza. Nikisema kwamba nusu ya wamama wa mtaa wetu pale Mapendo wameniona uchi, tena wote kwa wakati mmoja, tena wakiwa wamekuja matanga, mtadhani naongeza chumvi, na laiti ingekuwa hivyo.

Yote yalitokana na neno moja nililomwambia mume wangu, Patient: usimwambie mtu. Tumbo halifichiki, hilo majirani walikuwa wameliona zamani, lakini siku yenyewe ya kuzaa nilitaka ipite kimya, kwa sababu mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akiwa amekwisha kufa, tukamzika bila kilio (kwetu mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga, watu wanakusalimia tu njiani huku wakiangalia chini), na mimi niliogopa kusalimiwa vile mara ya pili.

Mkunga wetu, mama Esther, alikuwa na beseni kubwa la plastiki, lile la kujazwa upepo, na alikuwa amezalisha wengi ndani yake. Alinieleza mapema nitegemee nini. "Maji haitamaliza maumivu, itayalegeza tu. Mutoto atatokea mu maji, tutamupandisha polepole mupaka juu. Lakini nikikuambia toka, unatoka, hatutabishana." Akaongeza, bila haya, kwamba wakati wa kusukuma mtu anaweza kujichafua, kwa hiyo ninunue chujio la chai la kuopolea. Nililinunua. Tangu siku ile sijanywa chai ya kuchujwa kwa amani.

Sasa fikirini mambo yalivyoonekana kutoka barabarani. Bomba lilikuwa kavu (kama kawaida yake), basi asubuhi watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakaja wakisukuma bidoni za maji, moja baada ya nyingine, wakashusha mlangoni. Patient akatoa nje viti vyote vya saluni, chumba chetu cha kupokelea wageni, ili beseni lipate nafasi, akawasha makala chini ya masufuria makubwa tuliyoazima kanisani, na moshi ukamjaa machoni. Mama Kavira, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akachungulia juu ya mawe ya ua akauliza, "Patient, kuko nini?" Na mume wangu, mtu mtiifu, akakumbuka agizo langu, akatikisa kichwa tu bila neno, machozi yakimtiririka.

Saluni imetolewa viti, maji yamejaa uani, masufuria ya kanisa yako motoni, mwanaume analia na hasemi, na mke wake mwenye mimba haonekani. Ni nani kwetu angeuliza mara mbili?

Mimi ndani nilikuwa nimepiga magoti, maji ya uvuguvugu yamenifika kifuani, shavu nimelilaza ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu uchungu uanze sikuwa naogopa. Nikasikia kilio. Nilidhani ni changu. Kisha mlango ukafunguka wakaingia wamama, vitenge vimekazwa kiunoni, mikono kichwani, Mama Kavira mbele akiliita jina langu, "Furaha weee, umetuacha na nani." Tukatazamana. Na mimi nikasema (adabu tu, sijui ilitoka wapi), "Karibuni, mama."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu mama Esther alikuwa ameweka kifaa chake tumboni mwangu kusikiliza moyo wa mtoto, na sasa alinyanyua mkono wote wanyamaze. Akasikiliza. Akasikiliza tena.

"Toka mu maji, Furaha. Moyo ya mutoto inachoka."

Nikasimama jinsi nilivyozaliwa, mbele ya jumuiya nzima, na chujio la chai likielea nyuma yangu (sitaeleza zaidi). Aibu ilikuja kesho yake. Wakati ule nilikuwa na hofu tu, ile hofu niliyokwisha kuijua. Mama Kavira akafungua kitenge chake akakitandika sakafuni, wengine wakafungua vyao, wengine wakavishika kunikinga na macho ya dirishani, na mikono iliyokuja kunizika ikanishika makwapani na mgongoni. Nikasukuma. Mtoto akatoka kimya.

Kimya kile nakijua, jamani. Mama Esther alimsugua mgongo kwa kitenge, akampulizia pumzi, akamsugua tena, na hata wale wanaopenda kuomba kwa sauti walinyamaza. Halafu mtoto akakohoa kidogo, akalia, na sisi sote tukalia pamoja naye.

Baadaye, binti yangu akiwa kifuani, nilianza kumwomba radhi Mama Kavira kwa machozi waliyoyamwaga bure. Alikuwa anakikunja kile kitenge chenye damu, hakuniangalia.

"Haiko bure. Yule wa kwanza hatukumulilia. Ulinyamaza, na sisi tukanyamaza. Basi machozi ya leo ilikuwa yake."

Hapo nilimlilia mwanangu wa kwanza mbele za watu, nikalia na kulia, mpaka Mama Kavira akanishikia mtoto.

Maji nayasifu bado, na atakayeniuliza nitamwambia yanasaidia. Lakini kuzaa kwa siri, hapana, sirudii. Mungu akinipa mwingine, nitapita mimi mwenyewe mlango kwa mlango nikishikilia kiuno, niwaambie leo ndiyo siku, sijui itaishaje, njooni mkae na mimi.