Nilimwambia Apashe Dawa Moto

Walisema sitaweza. Mtoto wa kijijini Kisian, baba yake mshona viatu, aende Ulaya kusomea kupiga picha? "Atarudi na koti tu," walisema. Wengine wakaongeza kwamba hata hilo koti litakuwa la kuazima.

Nilirudi na diploma! Nikafungua studio katikati ya mji wa Kisumu, miaka michache baada ya Uhuru, na wale wale waliokuwa wakinicheka wakaja kupanga foleni, nywele zimepakwa mafuta, wakiniomba niwatoe weupe kidogo. Nikawatoa. Watu wa ajabu kabisa.

Lakini leo siandiki kuhusu ujinga wao. Naandika kuhusu wangu, ambao uliwazidi wote. Nilimdanganya mwenzangu wa kazi, kwa makusudi, na uongo wangu ukamnyima mama mmoja uso wa mwanawe. Ndiyo hivyo. Nimesema.

Siku hizo sisi wapiga picha tulikuwa na desturi ya kukutana Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya studio ya Njoroge. Njoroge alitoka upande wa Nyeri, na harusi za mjini zilikuwa zake. Odera aliwapiga picha wavuvi na wachuuzi wa samaki kule Dunga. Okeyo alikuwa mtu wa mazishi. Alizunguka na baiskeli mpaka Nyakach. Kila mmoja alileta picha zake, akazitandaza mezani, na ukimwuliza amefanyaje, alikuambia. Kuficha kulikatazwa. Sheria nyingine hatukuwa nayo.

Mimi nilikwenda kwa dharau. Nilikaa pembeni na tai yangu, nikiwatazama kama mkaguzi wa shule. Lakini masikio yalikuwa wazi! Odera akanifundisha kumpiga mtu picha ufukweni jua likiwa kali bila uso kutoka mweusi: mweke kwenye kivuli cha mashua, maji yenyewe yatammulika. Njoroge akanifundisha kumwambia bibi harusi kwamba nitahesabu mpaka tatu, kisha nibonyeze kwenye mbili, kabla hajakaza mdomo. Okeyo akanifundisha kwamba msibani kamera hukaa mkobani kwanza, mpaka uwe umelia na wenye msiba.

Yote niliyachukua. Studio yangu ikang'aa. Wateja wakiuliza, nilisema nimejifunza Ulaya. Ulaya! Mazishi gani niliyahudhuria Ulaya mimi?

Sasa sikiliza nilivyowalipa.

Picha zangu zilikuwa safi kuliko zao, na siri yake ilikuwa ndogo, ya kuchekesha. Joto la Kisumu hulainisha filamu wakati unaisafisha kwa dawa ili picha itokee. Mimi niliipoza dawa kwanza kwa maji baridi ya mtungini. Basi! Jumapili moja Okeyo akaniuliza. Picha zake za ndani ya nyumba, marehemu akiwa amelala gizani, zilikuwa zikitoka hafifu.

"Omera, ndugu yangu, wewe unafanyaje zinakuwa na nguvu hivi?"

Ningeweza kumwambia kwa neno moja. Lakini nikawaza: akijua yeye, Njoroge atajua, na Odera atajua, kisha nani atapanda ngazi za studio yangu? Nikakohoa kisomi.

"Unapasha dawa moto," nikasema. "Mpaka itoe mvuke kidogo."

"Na hili joto letu? Filamu haitaharibika?"

"Bwana Okeyo, kati yetu ni nani ana diploma?"

Njoroge akadakia, "Mwachie, Okeyo. Wewe diploma yako ni ya baiskeli." Wote wakacheka, hata Okeyo. Mimi nikacheka kuliko wote.

Baada ya hapo Okeyo akaitwa msibani kijijini Katito, huko Nyakach. Kijana mmoja alikuwa amefia kazini, mbali, kwenye mashamba ya chai, na mwili ukaletwa nyumbani. Mama yake hakuwa na picha yake hata moja. Aliomba mwanawe apigwe picha ya uso kabla sanduku halijafungwa. Okeyo alitaka kumfanyia kazi ya heshima, kwa hiyo akapasha dawa moto, kama alivyoelekezwa na msomi.

Ule utando unaobeba picha ukalainika, ukateleza, ukaanguka majini kama ngozi ya samaki aliyechemshwa.

Alikuja kwangu pamoja na yule mama. Akainyoosha filamu dirishani: tupu kabisa, unaona barabara upande wa pili. "Wewe umesoma," akaniambia. "Rudisha uso."

Mama akaongeza, "Hata nusu, baba. Hata macho tu."

Yawa! Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema kweli. Mimi nikavaa miwani, nikaigeuza filamu huku na huku, nikasema, "Okeyo, ulipasha kupita kiasi."

Mbele ya mama! Mama alimtazama Okeyo, akashuka ngazi peke yake. Habari zikaenea Nyakach kwamba Okeyo ameuchoma uso wa marehemu. Hakuna boma lililomwita tena. Akauza kamera, akaenda kulima mpunga.

Na mimi? Mazishi yote aliyokuwa akiitiwa yakaja kwangu. Nikayapokea! Lakini kila nilipoinama juu ya sanduku, mama wa marehemu akiwa kando, nilibonyeza harakaharaka nisimtazame, picha zikatoka zimetikisika. Mimi, mwenye diploma! Watu wakasema ni pombe. Pombe sijawahi kuionja.

Mwishowe nikamfuata Okeyo shambani, nikamwomba aje Jumapili. Nikabeba mtungi wangu mpaka kwa Njoroge, nikawaonyesha yote: maji baridi, dawa, muda, na kila nilichofundishwa Ulaya. Kisha nikawaambia nilichokifanya. Odera akatema mate chini. Njoroge akasema, "Kumbe ulienda mbali hivyo kusomea wivu!" Wote watatu walikuwa wameniazima ujuzi wao, na siku hiyo nilimrudishia kila mmoja. Nikadhani yamekwisha.

Okeyo akauliza, "Na yule mama?"

Tukaenda Katito mchana uleule. Nilimwambia kila kitu, nimesimama, majirani wakisikia. Hakunilaani. Aliuliza tu, "Wewe ulimwona mtoto wangu?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa pale." Akamvutia Okeyo kiti karibu naye. "Wewe ulimtazama vizuri kwenye kamera. Mimi nimeanza kusahau. Niambie alikuwa namna gani."

Okeyo akaanzia kwenye paji la uso, akataja kovu dogo juu ya nyusi, akashuka polepole mpaka kidevuni, na mama akiitikia kwa kichwa. Mimi nilikaa nilipoambiwa.

Wewe unayesoma haya, mwenye cheti ukutani na ujuzi uliouficha, usinionee huruma. Siitaki. Mwenzako akikuuliza, mjibu kweli. Na kama umeshamdanganya, nenda leo, kabla hajautumia uongo wako kumfanyia mtu kazi.