Njia ya Mwanda, Ndani ya Voi

Daktari wa mazoezi ya viungo alikuwa msichana mpole, na mama hakumpenda tangu mwanzo. Mama alikuwa amepata kiharusi kilichompoozesha mkono na mguu wa kushoto, nami nilikuwa nimemteremsha kutoka Mwanda nikamweka kwangu Voi, karibu na hospitali. Yule msichana alitushauri tuweke malengo madogo madogo. Wiki hii mama afike mlangoni, wiki ijayo afike getini.

"Getini nifanye nini?" mama aliuliza. "Nina shughuli gani na geti?"

Msichana alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimjua mama. Mtu huyu hakuwahi kutembea maishani mwake bila kuwa anakwenda mahali. Alikwenda shambani, kanisani, mtoni, na akirudi alikuwa na kuni au maji kichwani. Kumwambia atembee ili atembee tu ilikuwa kumtukana.

Kwa hiyo alijiwekea lengo lake mwenyewe. Alitaka kufika shambani kwake kwa miguu yake kabla ya mvua za vuli, maana huko ndiko alikozikwa baba, na huko ndiko kuna migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Na kwa kuwa shamba liko Mwanda na sisi tulikuwa Voi, aliihamisha njia. Aliketi barazani kwenye kiti cha plastiki, akaitazama barabara ya mtaa wetu, akaigawa. Geti letu likawa pale gari linapokushusha. Nguzo ya stima kwa muuza makaa ikawa kanisa. Duka la jirani likawa mto. Transfoma ikawa mparachichi ambapo watu hupumzika. Na kisiagi cha unga, kule mwisho wa barabara, ndiko shambani. Niliilinganisha ile njia na ya nyumbani, nikaona umbali ameukadiria sawasawa. Nilijivunia akili yake.

Mpango ule ulitushika sote wawili. Asubuhi, kabla jua la Voi halijawa kali, alikunywa uji, akameza dawa ya presha, akachukua fimbo tukatoka. Chumvi aliacha. Nilimpikia maharagwe ambayo hata mimi yalinishinda, naye aliyala akinung'unika kwamba mwenye kazi shambani hachagui chakula.

Mwenye duka, mama mmoja wa asili ya pwani, aliujua mchezo wetu akaingia.

"Shikamoo, mama. Leo wafika wapi?"

"Marahaba. Leo nafika mtoni tu."

"Basi umeshafika. Keti unywe maji."

Si kwamba mambo yalikuwa rahisi. Kuna asubuhi alizogeukia ukuta, akasema mguu wake ni gogo na mimi ni askari jela. Siku moja alianguka kwa muuza makaa, akainuka nusu ya uso ikiwa nyeusi, akanikataza kumshika. Siku kama hizo sikumhubiria. Nilimuuliza tu migomba yake inapaliliwa na nani. Alinitukana kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kisha akaitafuta fimbo.

Mwishowe akafika kisiagi. Aliegemea ukuta uliojaa vumbi la unga, akasimama pale kwa muda.

"Nimefika," alisema.

Nililia mbele ya watu waliopanga foleni na magunia yao, wala sikuona haya.

Tulipanda Mwanda mvua zikikaribia. Gari lilitushusha, mama akajiweka sawa na fimbo yake, akaitazama njia. Akainua macho, akayainua tena.

"Njia hii inapanda," alisema, kama mtu aliyeletewa habari.

Ilikuwa ikipanda siku zote. Alikuwa ameipanda tangu utotoni na mzigo kichwani, mpaka mwinuko ukaacha kuwa jambo la kutajwa. Kichwani mwake njia ilikuwa kanisa, mto, mparachichi na shamba. Na mimi niliyezaliwa hapo hapo nilikuwa nimeuzoeza mguu wake kwenye tambarare ya Voi, asubuhi baada ya asubuhi, na wazo hilo halikunijia hata mara moja. Umbali tuliupata. Mlima tuliusahau.

Alijaribu. Mguu wa kushoto ulikwenda kidogo, kisha ukakataa kuinuka. Alifika kanisani akiwa ameninyonga shingo, akaketi kwenye ngazi. Kutoka pale shamba halionekani. Binamu zangu walileta kiti, wakasema watambeba hadi juu.

"Huko hubebwa maiti," mama alisema. "Subirini."

Tulirudi Voi siku hiyo hiyo. Nilikuwa na hasira na mlima, na yule msichana wa hospitali, na mimi mwenyewe zaidi.

Nilitengeneza mpango mwingine. Jengo la jirani lilikuwa na ngazi. Tungeanza na kidato kimoja, tukizoea tuongeze. Ulikuwa mpango mzuri kuliko wa kwanza. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, mimi nilishafika," alisema. "Nirudi tena kufanya nini?"

Akanyoosha mkono wake mzima, akachukua chumvi.

Fimbo ikabaki nyuma ya mlango. Mwenye duka alipouliza mama anafika wapi siku hizi, nilichukua maziwa yangu nikaondoka.

Kiharusi cha pili hakikutupa nafasi ya kupanga chochote. Kule kwetu gari la maiti nalo huishia pale pale linapoishia gari la abiria, na kutoka hapo ni mabega ya watu. Wabebaji walipita kanisani, wakavuka kijito, na walipofika kwenye mparachichi wakaliweka jeneza chini wapumzike. Walikuwa wanaume wenye nguvu zao, lakini walikuwa wakihema. Mmoja wao alijifuta jasho, akanigeukia.

"Pole, dada. Njia hii inapanda sana."

Nikamwambia najua.