Msimu Wangu Chini ya Barafu ya Kibo

Harufu ya migomba iliyolowa ilinipokea kabla ya watu. Nilikuwa mtoto wa kijiji cha Tinde, nimezoea vumbi na samadi, na mwaka ule ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu wote. Baba akanipeleka kwa dada yake, shangazi Kabula, aliyeolewa mbali, kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro. "Mwangaluka, mwanangu!" shangazi akanisalimu, nami nikaangua kilio kwa kukisikia Kisukuma chetu kwenye baridi ile. Mumewe, Baba Neema, alikuwa mpagazi wa kuwabebea watalii mizigo mlimani. Mawingu yalipofunguka alinishika mkono akanionyesha Kibo, barafu imetanda hadi ukingoni, inameta hata macho yakauma.

"Chumvi yote ile ni ya nani?" nikauliza.

Alicheka sana. "Ni ya Mungu, mwanangu. Ukiishika inaunguza kama moto."

Kisha zikaja mvua kubwa, na Baba Neema hakurudi siku aliyotarajiwa. Habari zilisema huko juu theluji imefunika njia. Majirani walikuja bila kuitwa, huyu na bakuli la mtori wa ndizi, yule na mzigo wa kuni, wakakaa na shangazi aliyekuwa akimenya ndizi ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzila. Nilijua jua linavyoua. Sikujua kwamba baridi nayo huua. Kesho yake alasiri wapagazi wakatokea kwenye utelezi, Baba Neema kati yao, midomo imepasuka, amembeba mgongoni mwenzake aliyeishiwa nguvu. Majirani wakampokea mgonjwa. Shangazi alimvua mumewe viatu, akaipakata miguu yake ipate joto. Naye Baba Neema, akitetemeka vile, akaniona nimejibanza mlangoni.

"Mtoto amekula?" akauliza.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi nilipata rafiki mwenye umri wa baba. Mvua ziliporudi Tinde nilirudishwa nyumbani, nimenenepa. Juzi niliwapeleka wanangu kumwamkia. Amezeeka, habebi tena mizigo, na ile barafu imebaki vipande vipande. Wanangu waliitafuta kwa macho mpaka nikawaelekeza kwa kidole. Nilisikitika, nikashukuru pia kwamba niliiwahi. Siku hizi hapa kwangu Ngokolo anaishi binti wa binamu yangu wa Bukombe, ambako mahindi yamekauka shambani. Baba yake alipomleta, alianza kunieleza atakaa hadi lini. Nilimkatiza, nikampokea mtoto begi lake.