Mjukuu Niliyemwota kwa Chapati

Kosa hili ni langu, sina wa kumsingizia. Mimi ni mzee wa Kisaju, niliyefiwa na mke. Kila Jumapili mwanangu na mkewe, Wambui, hutoka Kitengela kuja kunitembelea, nami huwapikia chapati kwa mikono yangu.

Kila baada ya chakula nilimwona Wambui tumbo limefura, akilishika polepole na kutazama mbali. Wana miaka sita bila mtoto. Sikuuliza. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake, nami ni Kamau, basi nikawa naketi nje jioni nikiota: Kamau mdogo anakuja kwangu kupitia nyasi ndefu, jua likipenya masikio yake.

Jumapili iliyopita walifika mapema tukaenda kanisani pamoja. Nikasimama kutoa ushuhuda. "Ndugu zangu, Kamau anakuja!"

Kina mama wakapiga vigelegele vitano, vya mtoto wa kiume. Mmoja akamkumbatia Wambui. "Hongera, mama! Uko na miezi mingapi?"

Nikamtazama. Alikuwa hajala kitu, na tumbo lake lilikuwa bapa.

"Baba," akasema, machozi yakimlengalenga, "siko na mimba. Ni ngano. Daktari alinipima akakosa kuona ugonjwa, lakini nikikula ngano tumbo inafura mpaka kesho yake."

Nikamsogelea.

"Na chapati zangu, mbona unakula?"

"Ningekataa aje, Baba? Unapika wewe mwenyewe."