Winfrida na Nguo ya Ngozi ya Bibi Mokami

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na sita Winfrida alipoifungua ile nguo ya ngozi. Hapana, nimekosea. Mwaka huo mimi nilikuwa naumwa mguu, nililala kwa dada yangu kule Sirari masika yote, sikwenda popote. Basi ni kumi na saba, baada ya watu kuvuna mahindi. Naona ndivyo.

Mimi ni mtu wa kutembea. Nachonga mipini ya majembe na mashoka, naipeleka kwa miguu kijiji hadi kijiji, na shule yangu iliishia darasa la nne. Ninachokijua cha ushonaji nilikiona nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha Winfrida, pale Tarime mjini, nyuma ya soko. Benchi lilikuwa la wateja, ila wateja wake walikuwa na haraka, hawakai. Nikawa nakaa mimi.

Winfrida alizaliwa Nyarero. Baba yake na mama yake walimfia mapema, akalelewa na masista, na hao ndio waliomfundisha cherehani. Mume alikuwa naye, Stanslaus, alikwenda kutafuta kazi upande wa Geita, hakurudi, na Winfrida hakupenda kumtaja. Watoto hawakupata. Alishona sare za shule na majoho ya kwaya, na alikuwa na tabia moja: ukimpa nguo yoyote, hata ya kutia kifungo tu, kwanza anaigeuza ndani nje, anaiangalia weee, ndipo anakuuliza shida yako. Mwalimu mmoja wa kwaya alimtania, akasema siku moja Winfrida atamgeuza na mtu. Winfrida akamjibu kwamba watu wengi wangeaibika wakigeuzwa, afadhali nguo.

Sasa, mwaka huo akaja Vicent. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma kule Natta, wanawachezea watalii kwenye kambi za karibu na hifadhi. Wanacheza ngoma za kila kabila la Mara, na alitaka nguo tisa za zamani za wanawake wa Kikurya. Mkononi alikuwa na mfano, kashonewa na fundi mwingine huko: ngozi ya bandia, shanga za plastiki zimebandikwa kwa gundi.

Winfrida akaigeuza. Akaitazama, akamrudishia.

“Hiki ni kiti cha basi,” akasema.

Vicent akacheka sana. “Mama, wazungu hawageuzi.”

“Mimi nageuza.”

Akamwambia ampe muda, kwanza aijue nguo yenyewe ilivyokuwa. Akanunua daftari kubwa, akaanza kuwatafuta bibi wazee, mmoja mmoja, Jumapili baada ya misa. Alikwenda kwa sita. Mmoja akasema uzi ulikuwa wa gome la mti, mwingine akakataa, akasema ni kano la ng'ombe, wa tatu akasema hakumbuki ila mama yake alikuwa anachapwa akishona vibaya. Paroko alikuwa na picha ya zamani ukutani, wanawake wanne wamesimama na nguo zao za ngozi. Winfrida aliisogelea mpaka pua ikagusa kioo. Aliporudi akaniambia picha haina faida, inaonyesha mbele tu.

Hapo nikafungua mdomo wangu. Nikamwambia kwamba Nyarero yupo Bibi Mokami, niliwahi kumchongea mpini, na juu ya meko yake, kwenye moshi, inaning'inia nguo ya ngozi ambayo mama yake alimshonea alipoolewa. Ni ngozi ya ndama, aliyetoka katika ng'ombe wa mahari yake mwenyewe. Ni mimi niliyesema. Nikampeleka.

Bibi Mokami alikuwa mdogo wa mwili, amekaribia miaka tisini, na mdomo wake ulikuwa mzima. Winfrida alipiga magoti, akamwamkia shikamoo, akaeleza shida yake. Bibi akamuuliza yeye ni wa ukoo gani, akaambiwa, akasema baba yake Winfrida alikuwa mtoto mtukutu, aliwahi kumwibia miwa. Kisha akamwambia mwanawe, Heche, aishushe nguo.

“Unataka kujua mama yangu alishonaje?” akasema Bibi. “Hakuwa na cherehani, mwanangu. Alikuwa na meno.”

Maana yake, kano lilitafunwa mpaka lilainike, ndipo likapasuliwa kuwa nyuzi. Winfrida akaandika haraka. Aliponyanyua ile nguo akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, na nje hakuona tundu hata moja. Vipande vitatu vimeungana kama vimeota pamoja.

Bibi akakubali kumwazima, ila kwa neno moja. Alisema siku akiondoka anataka azikwe na nguo hiyo, kwa sababu magauni meupe ya kuzikia yana baridi. Heche alikuwa mzee wa kanisa. Aliposikia hivyo alikohoa, akatoka nje kuangalia ndama.

“Nikikuita,” Bibi akamwambia Winfrida, “usiniambie kesho.”

Winfrida akaapa.

Siku iliyofuata mimi sikuwepo Tarime. Nilikwenda zangu na mipini. Ningekuwepo ningemzuia, na jambo hili limenisumbua miaka yote. Winfrida alitaka kufungua mshono kiasi cha urefu wa kiganja, auone ndani. Sasa yeye ni fundi wa vitambaa. Koti likishonwa likakaza, fundi hulowesha kitambaa, hukiweka juu ya mshono, hupitisha pasi ya moto, uzi unalegea. Akafanya vilevile. Ngozi ile haikupata kutiwa dawa ya kiwandani. Ililainishwa kwa siagi, kwa moshi, na kwa mikono ya mtu miezi mingi. Maji ni adui yake. Mtoto yeyote aliyelala juu ya ngozi nyumba ikavuja anajua kwamba asubuhi ataikuta imekuwa ubao. Lakini Winfrida hakulala kwenye ngozi, alilala kwenye magodoro ya masista.

Niliporudi nilimkuta amekaa chini, si kwenye kiti. Nguo ilikuwa juu ya meza, imesimama yenyewe kama debe. Alipojaribu kuikunja ilikuwa imepasuka palepale kwenye mshono, pembeni mwa kiuno, na kano kuukuu lote likawa unga.

“Nimeiua, Mzee,” akaniambia.

Mtu mwingine angeificha. Yeye aliifunga kwenye khanga, tukapanda gari la Nyarero, akaiweka mbele ya Bibi Mokami, akasema yote, mpaka habari ya pasi. Bibi aliipapasa mshono kwa mshono. Tulidhani atalia, au atatufukuza. Mwishoni akaanza kufundisha. Siagi ya ng'ombe, si ya dukani. Sugua kwa kiganja, usipige kwa fimbo. Sindano isitoboe ngozi ikatokeza nje. Iingie nusu ya unene, itokee ukingoni, iingie upande wa pili vilevile. Ndiyo maana tundu halionekani. Akasema, irudishe ilivyokuwa.

Basi kazi ya Vicent ikafia hapo. Alikuja mara mbili, akaona hakuna nguo tisa wala moja, akaagiza viti vyake vya basi Musoma. Winfrida hakumlaumu.

Alisugua ile ngozi kila siku, asubuhi kabla ya kufungua kazi na jioni kabla ya kufunga. Kibanda kikanuka siagi iliyochacha. Akina mama wakalalamika kwamba sare za watoto zinakuja zimenuka zizi, wengine wakahamia kwa fundi wa jirani. Nilimwambia apumzike. Akanijibu kwamba ameahidi. Mwezi wa tisa ngozi ikakubali kukunjika. Hapo ndipo alipoanza kujifunza mshono, kwenye vipande vya ngozi ya mbuzi, kwa msharasi wa washona viatu alioutia makali upya uwe mwembamba. Vidole vyake vya kushoto vikawa vyeusi kwa kuchomwa. Alikuwa akinionyesha kipande, ananiambia nitafute tundu. Nikiliona anakitupa. Sikumbuki vilitupwa vingapi, lakini siku moja nilitafuta nikashindwa, nikamwambia, naye akakigeuza tu huku na huku.

Mwaka wa pili ukaingia. Mshono wa bega ukakamilika, wa mgongo ukakamilika, ukabaki ule wa kiunoni uliopasuka, urefu wa mkono kutoka kiwiko. Na kano likaisha.

Nieleze hapa. Kano zuri ni lile la mgongoni, refu, na huwezi kulipata buchani, kwa sababu wauza nyama hupasua mgongo kwa shoka, linakatika vipande. Lazima ng'ombe achinjwe nyumbani, na mchinjaji alitoe taratibu likiwa zima. Tukiwa tunatafuta, ikaja simu ya Judith, mke wa Heche, ambaye ndiye aliyekuwa anamuuguza mama mkwe wake. Alisema Bibi ameacha kula. Alisema, Bibi anasema fundi alete nguo.

Mimi nina rafiki Natta, anaitwa Kornelio, na wiki hiyo alikuwa anachinja, binti yake Agustina anaagwa kwenda kuolewa. Nikamwambia Winfrida, usiwe na wasiwasi, nakwenda, kesho kutwa nimerudi. Nikavuka mto Mara, nikafika. Kornelio alinipa kano siku ileile, amelikunja vizuri kwenye jani la mgomba. Alisema mbele za watu kwamba nimekuja harusini kutafuta mgongo badala ya mbavu, watu wakacheka.

Asubuhi yake nilitakiwa niondoke. Sikuondoka. Kulikuwa na nyama, kulikuwa na pombe, na mtu mmoja alikuwa na shoka lisilo na mpini, nikasema nimchongee tu hilo. Kisha wa pili akaleta lake. Ikanyesha. Hakuna aliyenishika mguu. Nilikaa siku tatu, na siku nilizokaa, najua leo, ndizo alizokuwa nazo Bibi Mokami.

Nilipofika Tarime asubuhi na mapema, Winfrida hakuniuliza nilikuwa wapi. Alilipokea kano, akalitia mdomoni, akaanza kulitafuna hapohapo mlangoni, huku machozi yanamtoka. Akashona. Alipomaliza, jua lilikuwa limepanda juu kabisa. Akaigeuza nguo ndani nje, akaigeuza tena, akaikunja. Tukachukua bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati na nguo kifuani.

Tukakuta turubai. Bibi alikuwa amefariki juzi yake. Jeneza lilikuwa bado sebuleni, watu wa kanisa wamejaa uani na vitabu vyao vya nyimbo. Heche alikuwa na namba ya Winfrida. Hakupiga.

Winfrida akamfuata kwa heshima, mbali na watu, mimi nikiwa nyuma yake. Akamwambia nguo iko tayari. Heche aliitazama. Nilimwona ameifahamu, na nilimwona imemuuma, sitamsingizia.

“Mama ameshavaa, dada.”

“Basi iwekwe juu yake tu. Au miguuni.”

“Watu wa kanisa wapo,” Heche akasema, kwa sauti ya chini. “Nitawaambia nini? Nenda ukae na akina mama.”

Winfrida akaenda akakaa na akina mama. Alikaa nayo mapajani ibada nzima. Jirani yake mmoja alimuuliza kama hicho ni kikapu cha rambirambi. Walipobeba jeneza akasimama, walipotupia udongo akatupia na yeye, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umekumbatia ile nguo. Kisha tukarudi Tarime.

Watu wa kambi moja ya watalii walisikia habari zake, wakatuma mtu kuomba nguo hiyo waitundike kwenye chumba chao cha vitu vya kale. Akakataa. Akasema nguo ina mwenyewe. Aliendelea na sare miaka kadhaa, lakini wateja waliokwenda hawakurudi wote, na macho yakaanza kumfifia. Mwaka juzi kaka yake Godwin akaja kumchukua, akampeleka Musoma. Cherehani aliiuza, nguo aliibeba. Kibandani pale sasa wanauza simu.

Kila nilipopita, kabla hajahama, aliniuliza jambo moja. Hakunilaumu kwa zile siku tatu, hata mara moja, na ingekuwa nafuu kwangu angenilaumu. Alichotaka kujua ni Bibi alisema nini mwishoni. Alikwenda Nyarero mara mbili kuuliza, wakamkaribisha chai, wakazungumza habari za mvua.

Basi na mimi nikaenda. Ni mwaka huu, mwezi wa pili. Nilimpelekea Heche mpini nikiwa na hilo moyoni. Heche akasema mama alipumzika kwa amani, akaniaga, akaenda zake kanisani. Nikabaki na Judith uani, anachambua ulezi kwenye ungo. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa Bibi. Nikamsogelea, nikakaa juu ya gogo. Nikamwambia Winfrida anamsalimu. Akaitikia bila kuinua kichwa.

Nikamuuliza, Judith, mwanangu, siku ile Bibi anaondoka, alikuwa bado anatungoja, au alikuwa ameshaacha?